Makazi Kukatika Vipande: Istilahi Inayoelezwa na Milima ya Gombe

Katika taarifa za uhifadhi, upotevu wa makazi na mgawanyiko wa makazi huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Makazi ni mahali mnyama anapopata chakula, maji, pa kulala na mwenzi wa kuzaa naye. Upotevu hauna fumbo: msitu ulikuwapo, sasa haupo. Hilo la pili ndilo linalotaka maelezo, na hakuna panapolieleza vizuri kama mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma.

Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kiasi cha kilomita 16 kutoka mjini, na hufikiwa kwa boti. Ni ukanda mwembamba wa mabonde na vijito kati ya ziwa na mgongo wa milima, usiofika kilomita za mraba 40 za nchi kavu. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Julai 1960, misitu ilivuka mgongo huo na kuendelea mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka juu ya eneo hilo kwa ndege ndogo akaona hifadhi ya kijani iliyozungukwa na vilima vitupu. Mihogo, maharage, michikichi, mkaa, kuni za kubanikia migebuka na kuchemshia mawese, watu waliokimbia vita vya Burundi na Kongo: kila jambo lilichukua sehemu yake. Ndani ya mpaka msitu ulikuwa umesimama. Anayehesabu hekta za hifadhi peke yake angesema Gombe haijapoteza kitu.

Waulize sokwe. Dume hubaki katika kundi alimozaliwa, lakini jike akikomaa mara nyingi huhamia kundi jingine, na kwa njia hiyo ndugu hawazaliani. Gombe ina makundi matatu: Mitumba kaskazini, Kasekela katikati, Kalande kusini. Wote pamoja ni kama 100. Jike wa Kalande anayetaka kwenda kusini zaidi anakuta shamba, mbwa na nyumba. Akirudi, anabaki na wachumba wale wale wachache. Akipita, anaweza kuuawa, au kuambukizwa mafua yetu, na magonjwa ya kifua yamewaua sokwe wengi wa Gombe.

Kwa Kiswahili tuiteje hali hii? “Mgawanyiko wa makazi” ndilo linaloandikwa zaidi, ila linaniacha nikifikiria mkoa uliogawanywa wilaya, ambako watu huvuka mpaka bila shida. “Kumegeka” lina ladha nzuri, lakini magazeti yameshalipa kazi nyingine: hifadhi ikimegwa, maana yake sehemu yake wamepewa wakulima au wafugaji. Habari inakuwa ya kile kilichoondoka, wakati sisi tunataka habari ya vilivyobaki na jinsi vilivyotengana. Mimi naandika “makazi kukatika vipande”. Ni refu kwa istilahi, lakini humlazimu msomaji aulize kipande kipi kimetengwa na kipi. Na linakwenda pamoja na ushoroba, ile njia ya ndani ya nyumba inayounganisha vyumba, ambayo serikali imeipa nafasi katika kanuni za shoroba za wanyamapori za mwaka 2018.

Mgodi wa wazi wa makaa ya mawe, kama ule wa Ngaka wilayani Mbinga, husaidia kuona tofauti kati ya makazi kupotea na makazi kukatika vipande. Ili kulifikia tabaka la makaa, miti hung’olewa, udongo wa juu hukwanguliwa, mwamba hulipuliwa na kusombwa. Hapo makazi yamepotea hasa, pamoja na mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini. Na barabara ya malori huyakata vipande yaliyobaki pembeni. Kufukia shimo hakurudishi msitu. Udongo wa juu lazima uwe umetunzwa kando tangu siku ya kwanza, na hata hivyo kazi ni ya miongo.

Vilima vya Kigoma vilikuwa na bahati ambayo shimo halina. Chini ya mashamba mengi visiki vilibaki hai, na miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi ikikingwa dhidi ya moto na panga. Mradi wa TACARE, ulioanza 1994 na wanavijiji, uliwekeza katika hilo, pamoja na afya, maji na mikopo kwa wanawake. Kufikia 2009 vijiji 13 vilikuwa na mipango ya matumizi ya ardhi iliyoidhinishwa, na vimetenga hekta 9,690 kuwa misitu ya vijiji. Mipango hiyo ilichorwa kwa kutazama jirani: msitu wa kijiji kimoja uliopanda hadi mpakani na kukuta mihogo ya kijiji cha pili ungekuwa kipande kingine tu, kwa hiyo misitu ilipangwa ikutane, ili jike atokaye Gombe apite chini ya miti akielekea Kwitanga, ambako sokwe wachache wamebaki nje ya hifadhi.