SHAMBA LINALOLISHA SHULE: SOMO KUTOKA JANGWA LA MISRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo darsa letu ni la historia. Ni refu kidogo, lakini kaa nalo taratibu, in shaa Allah hutatoka mikono mitupu.

Fungua simu yako uangalie magrupu yako ya WhatsApp. Hukosi ujumbe wa namna hii: madrasa ina watoto wengi, ustadhi ana miezi mitatu hajalipwa, paa linavuja, mwenye chochote atume kwenye namba hii. Unatuma, Allah akulipe kheri. Mwezi unaofuata ujumbe ni ule ule. Simlaumu anayeomba, wala simvunji moyo anayetoa, maana sadaka haipotei mbele ya Allah. Lakini nakuuliza wewe unayesoma: ustadhi akilipwa leo kwa mchango, mwezi ujao atalipwa na nani?

Swali hili si geni. Turudi kwanza Madina.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi Khaybar. Haikuwa ardhi ya kawaida, hakuwahi kupata mali aliyoipenda kuliko hiyo. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri: aifanye nini? Mtume (s.a.w.) angeweza kumwambia auze, agawe fedha kwa masikini siku hiyo hiyo. Hakusema hivyo. Alimuelekeza aizuie asili ya mali, na atoe sadaka kile kinachozalishwa nayo. Umar akafanya hivyo. Ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake yakaenda kwa masikini, jamaa, wasafiri, wageni na njia nyingine za kheri. Msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa wema, bila kujitajirisha. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na wanazuoni wameifanya nguzo ya mlango wa wakfu.

Shika maneno mawili hapo: asili na matunda. Matunda yanaliwa, asili inalindwa. Tutayarudia.

Sasa twende Misri.

Mwaka 1937 alizaliwa Misri mtoto aitwaye Ibrahim Abouleish. Akiwa na miaka 19 alikwenda Austria kusoma kemia na tiba. Akafaulu, akaingia katika utafiti wa dawa, akaoa huko, akapata watoto wawili. Maisha yalimnyookea. Mwaka 1975 akarudi Misri kutembea. Alichokiona kilimnyima usingizi: wakulima masikini, ardhi iliyochoka na kuingia chumvi, mbolea za viwandani na sumu kila mahali, na watoto wasio na shule ya maana.

Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungetuma fedha nyumbani, tukaendelea na maisha ya Ulaya. Yeye mwaka 1977 alifunga mizigo, akarudi na mke na watoto. Akanunua hekta 70 karibu na Bilbeis, kiasi cha kilomita 60 kaskazini mashariki ya Cairo. Usidhani ni bonde la Nile lenye udongo mweusi. Lilikuwa jangwa, mchanga na upepo. Waliomfahamu walimshangaa. Aliona kwamba kama kilimo kisicho na sumu kitawezekana hapa, basi kwingine kwenye hali nyepesi kitawezekana pia. Mahali hapo akapaita Sekem.

Kazi ilianza na maji. Wakachimba visima. Kisha wakapanda miti, mivinje na mikaratusi, kuzunguka shamba lote ili ivunje upepo na kuushika mchanga. Halafu udongo wenyewe, maana mchanga mtupu hauoteshi kitu cha kudumu. Wakaleta ng'ombe, wakakusanya samadi na mabaki ya mimea, wakatengeneza mboji na kuirudisha ardhini msimu baada ya msimu. Ndugu yangu, mboji haina njia ya mkato. Huwezi kuiamrisha. Unaipa, unasubiri, unaipa tena.

Misukosuko haikukosa. Anasimulia mwenyewe kwamba siku moja jeshi liliingia shambani na matingatinga, likang'oa miti aliyokuwa ameipanda na kuimwagilia, kwa madai kwamba eneo lile ni la kijeshi. Ilibidi shauri lifike mpaka kwa Rais Anwar Sadat. Wakapanda upya.

Mtihani wa pili uliuma zaidi, maana ulitoka kwa Waislamu wenzake. Abouleish alikuwa amejifunza Ulaya aina ya kilimo hai iliyotokana na mafundisho ya Rudolf Steiner, na njia hiyo huangalia pia mwendo wa jua, mwezi na nyota. Ukazuka uvumi, gazeti likaandika, kwamba pale kuna waabudu jua. Watu wakachemka. Yeye hakujibu kwa matusi. Aliwaita masheikh na viongozi wa eneo, akaketi nao, akawaeleza kazi yake kwa aya za Qur'ani: kwamba jua na mwezi ni viumbe vya Allah vinavyokwenda kwa hesabu, na mwanadamu ni khalifa aliyekabidhiwa ardhi kwa amana. Waliokuja na hasira waliondoka kwa amani.

Mimi sikuambii uchukue kila fikra ya Steiner. Hatuna haja nayo, na yanayopingana na tawhidi tunayaacha. Ninachokuomba ni ujifunze adabu mbili: usimhukumu mtu kwa uvumi, na ukituhumiwa, fungua mlango watu waje waone.

Sasa shule iko wapi katika habari hii? Sikiliza.

Shamba lilianza kuzaa. Kwanza dondoo ya mmea wa dawa, ikauzwa Marekani. Kisha chai za majani na maua, mboga, dawa za mimea, baadaye pamba isiyopigwa sumu na nguo zake. Sehemu ya faida ikapelekwa katika taasisi ya maendeleo, na kutoka humo zikatoka chekechea, shule, masomo kwa watoto wenye ulemavu, mafunzo ya ufundi na kituo cha afya. Marafiki wa Ulaya nao walichangia, tusifiche. Lakini mchango ulikuta mti umeshasimama, ukaumwagilia.

Kuna jambo moja hapo lililonigusa. Katika vijiji vile watoto wa masikini walifanya kazi mashambani, kwa sababu nyumbani walihitajika walete chochote. Ukimwambia baba yule mtoto aende shule, anakuuliza: na chakula? Sekem ikawachukua watoto hao wakachuma maua ya kamomili kwa sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakasomeshwa, wakapewa chakula na matibabu, huku wakilipwa. Wapo walioona haya ni kazi za watoto, na hoja yao si ya kudharauliwa. Lengo letu sote ni mtoto asome siku nzima. Lakini tazama tofauti kati ya anayelaumu umasikini kutoka mbali na anayeushika mkono, akautoa hatua moja.

Mwaka 2003 Sekem na Abouleish walipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Alifariki Juni 2017. Wakati huo kilichoanza kama hekta 70 za mchanga kilikuwa na mashamba, viwanda, shule na hata chuo kikuu mjini Cairo.

Ndugu yangu msomaji, tuyarudie yale maneno mawili: asili na matunda.

Sekem siiiti wakfu wa kisheria, hilo ni la mafaqihi na nyaraka. Nasema mantiki yake ni ile ya Khaybar. Na imenifumbua macho kwa jambo moja. Tunaposoma kwamba asili ya wakfu izuiwe, tunaelewa isiuzwe. Sawa. Lakini shamba lisilouzwa, ambalo udongo wake umekufa, umezuia nini? Umebaki na hati. Mtawalli anayevuna kila mwaka bila kurudisha kitu ardhini anakula asili akidhani anakula matunda. Basi mboji nayo ni sehemu ya kulinda wakfu. Visima na miti ya kuzuia upepo pia.

Wazee wetu wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Unguja na Mrima, walilijua hili. Misikiti mingi iliwekewa minazi na mashamba ili taa iwake na mwalimu ale. Jiulize mtaani kwako: ile minazi ya wakfu iko wapi? Imezeeka bila kupandwa mingine? Imejengwa nyumba? Nani anaisimamia, na hesabu yake husomwa lini?

Kwa hiyo nakuachia kazi tatu. Kwanza, ulizia mali ya wakfu iliyopo kabla hamjaanzisha mpya. Pili, mkichangia madrasa, tengeni fungu dogo la kununua kitu kinachozaa: ekari moja, miembe, kisima, ng'ombe wa maziwa. Tatu, msimkabidhi mtu kwa sababu ya kilemba chake. Mkabidhini anayejua udongo na anayeandika hesabu.

Haitazaa mwezi huu. Hata mwaka huu huenda isizae. Lakini mtoto ambaye hajazaliwa atakaa kwenye jamvi, mbele ya ustadhi aliyelipwa, naye hatajua hata jina lako. Allah analijua.

Ewe Mola wetu, zibariki ardhi zetu, wape walimu wa watoto wetu riziki ya halali, warehemu waliotutangulia kwa kuweka wakfu, na utujaalie tuache nyuma yetu sadaka yenye kuendelea. Aamin.

Wallahu a'lam.