Matengenezo ya Kanisa na Jina la Wapuritani

Mwanglikana wa Sagalla akisoma historia ya kanisa kwa Kiswahili hukutana mapema na neno Matengenezo, lenye herufi kubwa, kwa maana ya yale aliyoyaanzisha Martin Luther mjini Wittenberg mwaka 1517. Chini ya kilima cha Ndara, mjini Voi, neno hilohilo liko gereji, kila lori linapoharibika kwenye barabara ya Mombasa. Wapo wanaoliona neno la gereji kuwa dogo mno kwa jambo zito kama hilo, wakapendekeza mageuzi. Mimi naona gereji ndiyo inayolitetea. Kutengeneza kumetokana na kutengenea, yaani kukaa sawa; fundi hadai kuunda gari jipya, anadai kulirudisha lilivyokusudiwa kuwa. Luther na Calvin walidai hayohayo juu ya kanisa, kwamba wanaondoa yaliyoongezwa baadaye na kulirejesha kwenye Maandiko. Mageuzi nalo limeshashikwa na siasa: Mkenya aliyeiona miaka ya 1990 akisikia wanamageuzi huwaza vyama vingi. Atakayejibu kwamba matokeo yalikuwa mageuzi kwelikweli, kwa kuwa kanisa la Magharibi lilipasuka, anasema kweli. Lakini jina hili linataja dai la wenye harakati, na matokeo yana nafasi yake katika maelezo.

Kwa kipimo hichohicho, Wapuritani wanahitaji uamuzi tofauti, maana jina lao halikuwa dai lao. Malkia Elizabeth I aliporudisha Uprotestanti Uingereza mwaka 1559, alidumisha cheo cha askofu, pamoja na kitabu cha sala na mavazi ya ibada. Katika miaka ya 1560 baadhi ya makasisi walikataa kuvaa kanzu nyeupe ya ibada, wakisema matengenezo yameachwa nusu. Wapinzani wao wakawabandika jina la kejeli, la watu wanaojifanya safi kuliko wenzao. Mwaka 1603 makasisi wa mrengo huo walimpelekea Mfalme James I ombi dhidi ya ishara ya msalaba katika ubatizo, pete katika ndoa na mengine ya namna hiyo. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa Hampton Court, mfalme aliwakatalia karibu yote. Kubwa walilolipata ni tafsiri mpya ya Biblia, iliyotoka mwaka 1611.

Tukiwaita Wasafishaji, msomaji atawafikiria watu wa kufagia soko la Voi. Tukiwaita Watakasifu, kosa ni kubwa zaidi, kwani utakaso katika mahubiri yetu ni kazi ya Roho ndani ya mtu, na ugomvi wao ulianzia kwenye ibada na uongozi wa kanisa. Ni kweli kwamba baadaye walisisitiza sana mwenendo wa mtu binafsi. Hata hivyo kulitafsiri tusi ni kuligeuza kuwa imani ya waliotukanwa. Basi tuchukue sauti tu, Wapuritani, na maana ielezwe pembeni: Waprotestanti wa Uingereza walioona kanisa lao halijatengenezwa vya kutosha. Waganda wana jina linalofanana na hilo kwa historia yake, Balokole, waliookolewa, ambalo wengine walilitamka kwa dhihaka. William Nagenda, mmoja wao, na wenzake walipofukuzwa katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono, mwaka 1941, kisa kilikuwa kulikosoa kanisa lao kutoka ndani, kama walivyofanya Wapuritani wengi.

Pengine mtu atauliza haya yanaihusu nini Sagalla. Joseph Alfred Wray alifika Sagalla mwaka 1883 akitumwa na CMS, chama cha kimisionari kilichoanzishwa mwaka 1799 na Waanglikana wa mrengo wa kiinjili. Kuwaita waumini wake wajukuu wa Wapuritani ni kosa, kwa sababu walipokea askofu na kitabu cha sala, mambo mawili ambayo Wapuritani waliyapiga vita sana. Ila uzito uliowekwa kwenye mahubiri na kusoma Biblia unatoka upande huohuo wa mabishano ya kale, na mabishano yenyewe yaliwafuata hadi huku. Mwaka 1913, kule Kikuyu, Waanglikana walishiriki meza ya Bwana pamoja na Wapresbiteri na Waprotestanti wengine katika misheni ya Waskoti. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wawili, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa. Taita, ilimo Sagalla, wakati huo ilikuwa chini ya Mombasa, kwa hiyo mmoja wa walioshtakiwa alikuwa askofu wao. Dayosisi yao wenyewe, yenye makao Voi, ilikuja mwaka 1993. Swali la Weston lilikuwa lilelile la Hampton Court, ila limeulizwa kutoka upande wa pili: je, matengenezo yakivuka kiasi gani, kanisa linaacha kuwa lile lililokusudiwa kutengenezwa?