Je, kuvuta bangi kunaambukiza VVU?

Akina mama wa Bukoba na Muleba huniuliza: mwanangu akipokezana msokoto wa bangi na wenzake, atapata VVU? Hapana. Mate hayaambukizi, iwe kwenye msokoto au kwenye kikombe cha rubisi. Hatari inakuja baada ya hapo. Akishalewa bangi au gongo, kijana husahau kondomu au hushindwa kukataa, na wengine hulala na mtu ili wapate hela ya kununulia. Anayetumia ARV naye akilewa huruka dozi.

Ukigundua amefanya ngono bila kinga, kumgombeza utamgombeza baadaye. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo: dawa za PEP, zinazozuia maambukizi, lazima zianze ndani ya saa 72, kisha azimeze siku 28 bila kuruka. Akimaliza, arudi kupima tena.