Toyota, Betri na Barabara ya Mikinduri

Historia ya usafiri wa magari katika Mikinduri, mji wa soko ulioko Tigania kwenye miteremko ya milima ya Nyambene katika Kaunti ya Meru, haiwezi kutenganishwa na historia ya kampuni ya Toyota ya Japani. Pikapu aina ya Hilux ndiyo iliyobeba miraa ya eneo hilo kwa miongo mingi, matatu aina ya Hiace imewafikisha abiria Meru mjini na Nairobi, na katika miaka ya karibuni gari dogo la Probox limekuwa likipanda na kushuka vilima likiwa na watu, ndizi na magunia kwa pamoja. Kwa kuwa kampuni hiyo sasa imeanza kutengeneza pikapu inayotumia umeme, inafaa kuchunguza ilikotoka na namna gari hilo jipya linavyoweza kuhimili kazi ambayo watu wa Nyambene wamezoea kuyapa magari yao.

Toyota haikuanzia kwenye magari. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867 akiwa mtoto wa seremala, alitumia maisha yake kubuni mitambo ya kufuma nguo, na mwaka 1924 ulitokea mtambo wa Aina G, ambao ulijisimamisha wenyewe mara uzi ulipokatika, hivi kwamba mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi bila nguo kuharibika. Mwaka 1929 haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa mkataba wa pauni 100,000, na mwaka 1933 mwanawe, Kiichiro, aliyesomea uhandisi wa mitambo, akafungua idara ya magari ndani ya kiwanda hichohicho cha mitambo ya kufuma. Wakati huo soko la Japani lilikuwa mikononi mwa Ford na General Motors, zilizokuwa zikiunganisha magari yao Yokohama na Osaka, na serikali ya kijeshi ilitaka malori yanayotengenezwa nchini kuliko magari ya starehe. Ndiyo sababu gari la kwanza la kampuni hiyo kufika sokoni, mwishoni mwa mwaka 1935, lilikuwa lori, lililoitwa G1.

Lori hilo lilikuwa na kasoro nyingi. Yaliyouzwa mwanzoni yaliharibika mara kwa mara barabarani, hasa sehemu za mhimili wa nyuma, na kampuni ililazimika kuwatuma watu wake kuyafuata huko yalikokwama, kuyatengeneza, na kurudi kiwandani na maelezo ya kilichovunjika ili kifaa kilichofuata kiimarishwe. Kampuni ya Toyota Motor ilisajiliwa rasmi mwezi Agosti 1937, ikapita katika vita, kisha mwaka 1950 ikakaribia kufilisika, ikapunguza wafanyakazi huku kukiwa na mgomo mkali, na Kiichiro akajiuzulu. Wiki chache baadaye vita vya Korea vilizuka, jeshi la Marekani likaagiza malori kwa maelfu, na kampuni ikaokoka. Kwa hiyo malori ndiyo yaliyoianzisha na malori ndiyo yaliyoiokoa, na jambo hili linaeleza mengi kuhusu sura ya magari yake yaliyofika Afrika Mashariki baadaye.

Hilux ilitoka mwaka 1968 ikiwa na injini ya lita 1.5 na uwezo wa kubeba tani moja. Ilijengwa juu ya fremu, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba injini, kebini na mzigo, na nyuma ilikaa juu ya springi za bapa, ambazo ni vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari la namna hiyo halikuhitaji karakana kubwa: bapa likivunjika, fundi aliye chini ya mti huweza kulitoa na kutia jingine, na akitaka gari libebe zaidi huongeza bapa. Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kusambazia bidhaa mijini, haina fremu hiyo, lakini mafundi wa Kenya waliifanyia kazi ileile kwa kuiongezea springi za nyuma zilizo ngumu zaidi, na kwa njia hiyo gari lililokusudiwa kubeba vifurushi katika mitaa ya lami likageuka kuwa usafiri wa vijiji vya mlimani. Sifa ya kampuni ilikuzwa pia na mashindano ya magari ya Safari, ambako Toyota ilishinda mara tatu mfululizo kuanzia 1984, na tena mara tano mfululizo baada ya mashindano hayo kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Hata hivyo, kwa mkulima wa Tigania ushahidi uliokuwa na uzito zaidi ulikuwa ule wa jirani aliyeimudu Hilux moja kwa miaka mingi.

Miraa ndiyo iliyoyapima magari haya kwa ukali kuliko mzigo mwingine wowote. Kathinoni, kemikali inayoipa miraa nguvu yake, huanza kupungua mara tu tawi linapokatwa, na baada ya takriban saa 48 mzigo huwa umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kwa sababu hiyo matawi huchumwa, hupangwa, hufungwa mabunda na kuviringishwa kwa majani ya migomba yanayohifadhi unyevu, kisha hupakiwa kwenye pikapu ambayo haina ruhusa ya kuchelewa. Kutoka Meru mjini hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na mzigo wa Nyambene huwa umekwisha kusafiri kabla ya kufika hapo. Barabara inayopitia Chuka na Embu hukata mabonde ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, likiwemo bonde la Nithi, ambalo kona na mteremko wake vimegharimu maisha ya watu wengi. Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza ikafuata mwaka 2014, biashara ilipungua na familia nyingi ziliumia, lakini soko la nchini na la Somalia liliendelea kudai mwendo uleule.

Sasa umeme unaletwa katika kazi hii, na hapa historia ya Toyota ina sura ambayo haijulikani sana. Mwaka 1925, miaka minane kabla ya idara ya magari kufunguliwa, Sakichi Toyoda aliahidi zawadi ya yeni milioni moja kwa atakayebuni betri yenye uwezo wa kutoa nguvu za farasi 100 kwa saa 36 mfululizo, isiyozidi uzito wa takriban kilo 225 na ujazo wa lita 280. Japani haikuwa na mafuta ya kutosha lakini ilikuwa na mito ya kuzalisha umeme, na mzee huyo aliona kwamba betri ya namna hiyo ingeikomboa nchi yake. Ukipiga hesabu, alichodai ni karibu kilowati-saa 2,700, kilowati-saa moja ikiwa ni nishati ya kifaa cha wati 1,000 kinachofanya kazi kwa saa moja. Zawadi hiyo haikupata mshindi, na hadi leo seli bora za lithiamu zinazotumika katika magari zinahitaji uzito wa karibu mara 40 zaidi ili kuhifadhi nishati hiyo.

Pengo hilo linasaidia kueleza kwa nini Toyota ilikwenda polepole. Mwaka 1997 ilitoa Prius, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana, likiwa na betri ndogo isiyohitaji kuchomekwa ukutani. Gari lake la umeme mtupu lililokusudiwa kuuzwa duniani kote, bZ4X, lilikuja mwaka 2022, na mengi ya kwanza yaliitwa yarudishwe kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea. Novemba 2025 kampuni ilionyesha Hilux ya umeme yenye betri ya kilowati-saa 59, uwezo wa kubeba takriban kilo 700, na umbali wa takriban kilomita 240 kwa chaji moja. Takwimu hizo zikiwekwa kwenye barabara ya Mikinduri, jibu liko wazi: kwa betri iliyojaa pikapu hiyo ingekaribia Nairobi bila kuwa na hakika ya kufika, na kusimama kuchaji kungeila sehemu ya zile saa 48. Mteremko wa Nithi ungeisaidia kidogo, kwa sababu mota ya umeme inaposhikilia gari kwenye mteremko hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, lakini kilima cha upande wa pili hudai zaidi ya kilichorudishwa.

Kinachotia moyo ni kwamba umeme wenyewe uko karibu. Mabwawa ya mto Tana upande wa Embu, kuanzia Kindaruma lililoanza kuzalisha mwaka uleule wa 1968 ambao Hilux ilizaliwa, hadi Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yako kusini mwa barabara hiyohiyo inayopitisha miraa. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati ya Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 wakati ambapo matumizi ya umeme ni madogo. Kwa bei hiyo ya chini betri nzima ya Hilux hiyo ingejazwa kwa shilingi zisizofika 500 kabla ya kodi na tozo. Na kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, Probox nyingi za haibridi, zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2018, bado ziko ndani ya umri unaoruhusiwa kufika Mombasa, na bZ4X za 2022 zinaruhusiwa kuingia hadi mwishoni mwa mwaka 2029. Muda huo ni mfupi. Serikali ya Kaunti ya Meru, pamoja na zile za Tharaka Nithi na Embu, ziweke vituo vya kuchaji vya kasi Meru mjini, Chuka na Embu sasa, na vyuo vya ufundi vya eneo hilo vianze kuwafundisha mafundi wa springi na injini namna ya kufungua betri yenye mamia ya volti bila kuhatarisha maisha yao, kabla magari hayo hayajaanza kushushwa bandarini kwa wingi.