Nanjing wakati wa baridi: mji wa matofali yenye majina

Mitihani imekwisha, nimerudi uwanjani. Likizo hii ya baridi nilitoka hapa Beijing kwenda Nanjing kwa treni ya mwendokasi, kama kilomita 1,000 kuelekea kusini, safari ya saa nne hivi. Ni mara yangu ya kwanza kufika huko.

Baridi yenyewe nitaisema kidogo tu. Tangu miaka ya 1950 serikali ya China iliweka mfumo wa kupasha joto majumbani kwa upande wa kaskazini mwa mto Huai. Nanjing iko kusini yake. Kwa hiyo bwenini kwetu Beijing tunakaa na fulana wakati nje maji yameganda, lakini Nanjing, ambako nje si kukali kiasi hicho, watu wanakula mgahawani wamevaa makoti. Ni baridi ya unyevu, inaingia hadi kwenye mifupa. Dawa yake ni supu ya moto ya tambi na damu ya bata iliyogandishwa. Wenzangu wa pwani najua hii msingeigusa, na siwalaumu.

Sasa ukuta. Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima mafukara aliyekuja kuanzisha utawala wa Ming mwaka 1368, aliufanya Nanjing mji mkuu wake. Ukuta wa mji ulianza kujengwa 1366 ukakamilika 1393, urefu wake kilomita 35 hivi, na kama kilomita 25 zimesimama hadi leo. Ukubwa siyo ulionishangaza. Ni matofali. Kila moja lina urefu wa kama sentimeta 40, na mengi yamepigwa mhuri: wilaya lilikotoka, afisa aliyesimamia, fundi wa tanuri, hadi aliyelifyatua. Likionekana bovu, ijulikane wa kuulizwa ni nani. Yaani mfyatua matofali wa kijijini, ambaye hakuna mwandishi wa mfalme angehangaika naye, jina lake linasomeka baada ya miaka zaidi ya 600! Pale lango la Zhonghua rafiki yangu Mchina alivua glavu, akawa ananifuatishia herufi kwa kidole mpaka kidole kikafa ganzi.

Huu basi ni mji unaojua kuweka kumbukumbu. Yetu ipo pia. Karibu na mto Yangtze kuna mabaki ya karakana zilikoundwa meli za msafara wa Zheng He, yule aliyesafiri mara saba kati ya 1405 na 1433, na baadhi ya safari hizo zikafika pwani yetu. Mwaka 1957 ulifukuliwa hapo mti wa usukani wa meli wenye urefu wa mita 11 hivi. Hebu pima na chumba chako cha bwenini. Malindi nayo ilimpelekea mfalme twiga mwaka 1415, wakati Nanjing bado ndiyo mji mkuu. Habari hii ya twiga kila Mchina anayejua natoka Afrika Mashariki hunisimulia kwa furaha, na kwenye hotuba za viongozi haikosi.

Kumbukumbu ya pili ni nzito. Jeshi la Japani liliuteka mji tarehe 13 Desemba 1937, katika baridi kama hii. Usiku wa kuamkia siku hiyo askari na raia waliokuwa wakikimbilia mtoni walisongamana kwenye lango la Yijiang, wengi wakakanyagwa hadi kufa. Ukuta ule ule wa kuwalinda ukawa mtego. Baadaye yalifuata mauaji na ubakaji wa wiki kadhaa. Jumba la kumbukumbu lilifunguliwa 1985 na limeandikwa idadi ya waliouawa: 300,000. Mahakama ya Tokyo ilikadiria zaidi ya 200,000. Ndani kuna ukuta mwingine, wa majina ya waliouawa, zaidi ya 10,000. Niliingia na maswali mengi, nikatoka sina hata moja la kuuliza.

La tatu halina jumba. Mkesha wa Krismasi 1988, kwenye geti la Chuo Kikuu cha Hohai, wanafunzi wawili wa Kiafrika walikuwa wakiingia na wasichana wa Kichina. Yakazuka mabishano na walinzi juu ya kuwaandikisha wageni, mabishano yakawa ngumi, watu 13 wakaumia. Ukaenea uvumi kwamba Mchina mmoja ameuawa. Ulikuwa uongo mtupu. Hata hivyo wanafunzi wa Kichina kama 300 walivamia mabweni ya Waafrika. Ndugu zetu wakakimbilia stesheni ya treni ili wafike kwenye balozi zao Beijing, wakazuiwa kupanda. Wakafika kama 140 pale stesheni, kwenye baridi ile, maelfu wakiandamana mjini dhidi yao. Mwishowe polisi waliwahamishia kwenye nyumba ya wageni ya jeshi nje ya mji.

Nilishukia mji huo huo na begi langu, hakuna aliyenigeuzia macho isipokuwa watoto wawili waliotaka picha. Mambo yamebadilika, hilo nalikubali kabisa. Ila nilitembea Nanjing siku nne na sikuona hata kibao kimoja cha 1988. Rafiki yangu, mzaliwa wa palepale na mwanafunzi wa historia, hakuwahi kulisikia tukio hilo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza majina yao. Sikuwa nayo.

Waliokuwa na miaka 22 wakati ule leo wanakaribia miaka 60. Wengine ni mainjinia wastaafu huko nyumbani, baba na mama zetu wadogo. Mdau mwenye ndugu aliyesoma Nanjing miaka hiyo, kaa naye umuulize: alikuwa bweni gani, nani alimshika mkono kwenda stesheni, walikula nini usiku ule. Andika na jina lake, kama atakubali. Mimi nimeshaanza na mmoja, kwa simu, na anakumbuka mpaka rangi ya blanketi alilopewa.