Posho ya Mpagazi na Sahani ya Mkimbiaji: Historia ya Hesabu Moja Ilivyofika Gisenyi

Swali ninalolijadili katika insha hii ni dogo. Mtu anayetaka kupunguza uzito, akishamaliza mazoezi, je, ale chakula cha ziada ili kurudisha nguvu alizotumia? Wengi hulipeleka swali hili kwa daktari, na siku hizi kwa simu. Mimi nimelipeleka kwenye historia, kwa kuwa jibu ambalo simu zetu hutoa lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na lilitungwa kwa ajili ya watu wengine kabisa.

Mji wangu wa Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu, unafaa kwa uchunguzi wa namna hii. Asubuhi na mapema, barabara ya ufukweni mwa Ziwa Kivu huwa na wakimbiaji na watembeaji wanaotafuta kupunguza tumbo. Ukitoka hapo ukaelekea mpaka wa Goma, mahali panapoitwa Petite Barrière, utakuta wanawake wanavuka na mizigo ya viazi, karoti na vitunguu kichwani na mgongoni. Wote wanatoka jasho, wote wametumia nguvu. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba jibu linalomfaa mmoja halimfai mwingine, na kwamba historia ndiyo iliyotuchanganyia majibu hayo mawili.

Kalori ya chakula ni kipimo cha joto: ni kiasi cha joto kinachoweza kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mtu aliyeieneza hesabu hii katika maisha ya watu alikuwa Mmarekani Wilbur Atwater. Katika miaka ya 1890, katika Chuo Kikuu cha Wesleyan mjini Middletown, jimbo la Connecticut, Atwater na mwenzake Edward Rosa walijenga chumba kidogo cha kupimia joto la mwili. Mtu aliingia humo akakaa siku kadhaa, akila chakula kilichopimwa, akilala, na wengine wakiendesha baiskeli isiyosogea. Joto lote lililotoka mwilini mwake lilipimwa. Kutokana na kazi zake tunarithi hesabu ambayo kila mwanafunzi wa lishe anaijua: gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni shabaha ya Atwater. Hakuwa akifikiria watu wanene. Alitaka kujua mfanyakazi wa kipato cha chini anahitaji chakula kiasi gani ili afanye kazi, na ni chakula kipi kitampa nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Kanuni ya kwamba anayefanya kazi zaidi ale zaidi ilikuwa kanuni ya mtu mwembamba mwenye kazi nzito.

Kiswahili kina neno la hesabu hii, nalo ni posho. Leo Mtanzania akisikia posho anafikiria pesa za kikao, na Mganda anafikiria ugali, lakini maana zote mbili zinatoka kwenye chakula alichopimiwa askari, mpagazi au kibarua. Na hapa historia ya kwetu inaingia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, na eneo la Gisenyi likawa mstari wa mapigano kati yao na Wabelgiji waliokuwa Kongo, mpaka Wabelgiji walipoingia Rwanda mwaka 1916. Majeshi hayo yalisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Chakula chao kilitoka katika mashamba ya Bugoyi, ndiyo nchi hii ya kwetu, na kaskazini-magharibi nzima ikaangukia katika njaa ya Rumanura, iliyodumu kati ya 1916 na 1918. Upande wa Waingereza, wapagazi wa Carrier Corps wameacha jina lao katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kuhara damu kuliua wengi, na unga wa mahindi usioiva vizuri uliwamaliza matumbo watu ambao hawakuuzoea.

Mpagazi yule hakuwa na akiba mwilini. Kila kilomita aliyotembea na mzigo bila kurudishiwa chakula ilikatwa kutoka kwenye misuli yake. Kwake, kurudisha kilichotumika kulikuwa suala la uhai. Serikali za kikoloni na makampuni yalilitambua hilo polepole, tena kwa faida yao wenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyochukua vibarua kutoka Ruanda-Urundi katika miaka ya 1920, ilipima posho kwa sababu kibarua mwenye njaa huchimba shaba kidogo.

Sasa hesabu ile ile ikahamia kwa watu wa aina nyingine. Mwaka 1918, wakati Bugoyi ingali na njaa, daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichowafundisha Wamarekani kuhesabu kalori ili wapungue. Kitabu hicho kilinunuliwa sana. Tangu hapo kalori ikawa na kazi mbili: kumshibisha mfanyakazi na kumpunguza aliyeshiba. Kinachoitwa leo kurudisha kalori za mazoezi ni kanuni ya kazi ya kwanza iliyoingizwa ndani ya kazi ya pili. Simu inakuambia umetumia kalori 450, kisha inakuongezea 450 kwenye ruhusa yako ya siku, kama mnyapara anayegawa posho.

Shangazi yangu, anayeishi Mbugangari, aliambiwa na muuguzi apunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu. Anatembea na wenzake mara tatu kwa wiki, na wakimaliza baadhi yao huketi wakaagiza brosheti za mbuzi na viazi, maana wamevipata kwa jasho lao. Aliniuliza kama na yeye anaruhusiwa. Nikamfanyia hesabu. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 kwa saa moja hutumia kalori 280 hivi. Lakini hata angekaa nyumbani angetumia kama 80 za kuishi tu, kwa hiyo faida ya kutembea ni kama 200. Chupa kubwa ya Primus, ya sentilita 72, ina karibu kalori 300. (Bia hiyo inatengenezwa hapa hapa Gisenyi na Bralirwa, kampuni iliyoanza mwaka 1957, na sina ugomvi nayo.) Hapo sijataja brosheti.

Tena vifaa vyenyewe haviaminiki. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu saa saba za mkononi kwa watu 60. Nyingi zilihesabu mapigo ya moyo vizuri, lakini katika kalori iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokuwa mbaya zaidi kwa asilimia 93. Isitoshe, mipango mingi ya kupunguza uzito huanza kwa kukuuliza kama wewe ni mtu wa mazoezi, na hukupangia chakula kulingana na jibu lako. Ukiongeza tena chakula kila baada ya mazoezi, umelipwa mara mbili kwa kazi moja.

Ushahidi unaonivutia zaidi umetoka Tanzania. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha maji yenye alama maalumu ya kikemia, ambayo huwezesha kupima nguvu zote anazotumia mtu kwa siku bila kumfungia chumbani kama alivyofanya Atwater. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Kwa hesabu ya posho wangepaswa kutumia nguvu nyingi kuliko karani wa Marekani. Ukizingatia ukubwa wa miili, hawakumzidi. Mwili uliozoea kazi nyingi, inaelekea, hubana matumizi mahali pengine. Mjadala bado upo juu ya ukubwa wa ubanaji huo. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliohusu watu wazima 1,754 uliukadiria kuwa asilimia 28 kwa wastani: katika kila kalori 100 unazotumia kwa kujishughulisha, 72 tu ndizo zinazoonekana katika jumla ya siku. Kwa hiyo zile 200 za shangazi zinabaki kama 144.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba anayetaka kupungua asiongeze chakula kwa sababu ya matembezi ya saa moja. Maji yanamtosha, na mlo wake wa kawaida wenye maharage au sambaza ukija kwa wakati wake. Akifanya mazoezi marefu, tuseme saa mbili za baiskeli kwenye vilima vya kuelekea Musanze, arudishe sehemu, nusu hivi ya kile saa inachodai, na atazame mizani kwa wiki kadhaa badala ya kutazama simu kila jioni.

Kuna anayeweza kusema kwamba huku ni kumtesa mtu. Hoja hiyo ina ukweli wake, na historia inaunga mkono tahadhari. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, karibu kwa nusu, kwa wiki 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Walisikia baridi wakati wote, walikosa nguvu za kupanda ngazi, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Anayepungua huku akipata kizunguzungu au usingizi mbovu amekata mno, na huyo aongeze chakula awe amefanya mazoezi au hakufanya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini yuko katika kundi lake: sukari yake inaweza kushuka ghafla baada ya mazoezi, na anahitaji maelekezo ya mtu anayemtibu.

Tunarudi basi kwa wanawake wa Petite Barrière. Mwenye kilo 50 anayebeba gunia la viazi, akavuka mara tatu au nne kwa siku, kisha akapanda kwao jioni kwa miguu, hana mafuta ya kuchoma. Ushauri wa wakimbiaji wa ufukweni, kwamba jasho lisilipwe kwa chakula, ukimfikia yeye unakuwa hatari. Huyu ndiye mtu ambaye Atwater alimkusudia. Mahindi ya kuchoma na chai ya maziwa anavyonunua kabla ya safari ya mwisho vinatoka kwenye faida ya mzigo, na siku ambayo viazi havikuuzika Goma, ndivyo vinavyokatwa kwanza.