Namba moja ya serikali: huu mjadala umetoka wapi?

Siasa zikipamba moto, hoja hurudi: serikali iunganishe rekodi zetu zote. Wanaopinga hukumbusha kipande, ambacho mkoloni alilazimisha wanaume Waafrika kubeba. Hiyo hofu si ya bure.

2019 tulijiandikisha Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020, Mahakama Kuu haikukataa wazo lenyewe. Ilisema lisiendelee bila sheria kamili ya kulilinda, na ikakataza kuchukua DNA. Oktoba 2021 ikafuta utoaji wa kadi, maana hatari kwa data za watu haikupimwa kwanza.

Lakini kuna shida nyingine haisemwi majukwaani. Hapa Kiambere, cucu yangu ameandikwa "Ci" kwenye kitambulisho na "Chi" kwenye kadi ya kliniki. Karani akiangalia anajua ni mama mmoja. Programu inaona watu wawili, na ukiunganisha rekodi kosa linamfuata kila ofisi.

Kwa hivyo mtu akiahidi mfumo mmoja pale sokoni, mimi huuliza: nani ataruhusiwa kufungua rekodi gani? Na cucu atarekebishiwa jina hapa hapa, ama mpaka apande matatu aende Embu mjini?